"Jina litakuja la mke wangu": utapeli wa simu unavyotengenezwa na pa kuukatia

"Ile hela tuma kwenye namba hii, laini yangu ina shida. Jina litakuja la mke wangu."

Ni vigumu kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa aina hii. Watu wanaucheka, wanautania mitandaoni, na bado unaendelea kutumwa kwa sababu bado unalipa. Uangalie vizuri. Ndani ya sentensi hizo mbili kuna karibu ufundi wote wa kazi ya utapeli wa simu.

Kwanza, aliyeutuma hakujui. Ameumwaga kwa namba nyingi zinazofuatana, na ndiyo maana hajataja jina lako, hajataja kiasi, wala hajasema ni hela ya nini. "Ile hela" inamtosha. Mwisho wa mwezi hawakosekani watu ambao siku hiyo hiyo wanadaiwa kodi ya nyumba, mchango wa harusi au malipo ya fundi, na mdaiwa mwenyewe ndiye anayejaza mapengo: anajiambia huyu ni baba mwenye nyumba.

Sentensi ya pili ndiyo yenye sumu. Ukituma hela, kabla hujaweka namba ya siri mtandao hukuonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini unayoipelekea hela. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya safari nzima ambayo tapeli hawezi kuichezea. Basi anaiwahi. Anakutajia jina mapema, ili likitokea ulione kuwa ni uthibitisho na usishtuke. Kinga yako ameigeuza kuwa ushahidi wake.

Hayo ndiyo ya kushika kabla ya mengine. Katika visa vilivyo vingi hakuna anayevunja mfumo wa benki wala wa kampuni ya simu. Mwizi anahitaji kimoja kati ya vitatu: namba yako ya siri, zile tarakimu zinazokuja kwa meseji ambazo benki huziita OTP, au kidole chako mwenyewe kibonyeze "kubali". Vyote vitatu unavyo wewe. Maneno yote mengine, sauti ya upole, haraka, vitisho, ni njia ya kukufikisha hapo.

Dawa ya "ile hela" ni fupi. Mpigie anayekudai kwa namba uliyoihifadhi zamani, usipige ile iliyotuma ujumbe. Asipopatikana, subiri. Hakuna mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji kwa kuchelewa nusu saa.

Laini zenyewe zinatoka wapi?

Watu huuliza: tangu Januari 2020 Tanzania inazima laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole, sasa matapeli hawakamatwi vipi? Kwa sababu laini wanazotumia zimesajiliwa kwa vidole vya watu wengine. Mbinu inayojulikana zaidi ni ya msajili wa mtaani asiye mwaminifu. Unaweka kidole, anakwambia "hakijasoma, weka tena." Kidole cha kwanza kimesajili laini yako. Cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, na hiyo ataiuza.

Piga *106# na ufuate menyu, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kenya nako namba ni hiyo hiyo, *106#. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, uikane na uombe ifutwe. Usiseme "haina madhara, sina hela humo." Siku laini hiyo ikitumika kumliza mtu, jina la kwanza polisi watakaloliona ni lako. Na unaposajili laini, ukiambiwa kidole hakijasoma, dai kuona skrini kabla ya kuweka tena. Ni haki yako, hata msajili akinuna.

Meseji ya hela ambayo haikuingia

Unapokea ujumbe: umepokea Sh 150,000 kutoka kwa fulani. Dakika mbili baadaye simu inaita, mtu anahema: "Samahani kaka, nimekosea namba, ni hela ya dawa ya mama, nirudishie." Unarudisha Sh 150,000 zako mwenyewe, kwa sababu zake hazikuwahi kuingia.

Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina la huduma yenyewe, na kwenye simu janja huangukia ndani ya mazungumzo yale yale yenye miamala yako ya zamani. Wa uongo mara nyingi unatoka kwenye namba ya kawaida, au jina limechezewa herufi moja. Lakini usitegemee jina peke yake, kwa kuwa nalo linaweza kughushiwa. Kinachosema kweli ni salio. Liangalie kwa menyu unayoifungua mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (ile iliyokuwa Tigo Pesa), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa.

Kuna toleo gumu zaidi, pale hela inapokuwa imeingia kweli. Huruma hapo inakuponza. Inawezekana imetoka kwenye akaunti ya mtu aliyeibiwa na wewe unafanywa daraja la kuipitisha. Au aliyetuma ameshaomba muamala urudishwe, nawe ukimrudishia kwa mkono, atapata mara mbili. Jibu ni moja, na liwe la adabu: "Wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako, watairudisha, mimi siigusi." Aliyekosea kweli atakubali, maana njia hiyo inamfikishia hela yake. Tapeli ataanza kutukana. Usiitumie hela hiyo pia, iache ilale.

Wafanyabiashara wanapigwa kwa meseji hii kuliko wengine, hasa duka likiwa limejaa. Mteja anaonyesha simu yake: "Ona, nimetuma." Skrini ya simu ya mteja si malipo. Malipo ni salio la duka.

"Nakupigia kutoka makao makuu"

Simu hii ina hatua, na hatua zake hazibadiliki sana. Kwanza anakutajia jambo la kweli kukuhusu: jina lako kamili, pengine na mtandao unaoutumia. Usishangae, jina lako kila mtu anaweza kuliona kwa kuanza kukutumia shilingi mia tano na kughairi kabla ya namba ya siri. Kisha analeta tatizo: laini yako inafungiwa leo, usajili haujakamilika, umeshinda zawadi. Halafu anakuzuia usikate: "Usikate simu, mfumo utaanza upya." Ukifika hapo, mengine huhitaji kuyasikia. Mwenye nia njema hana sababu ya kuogopa ukate simu na upige mwenyewe 100, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako.

Anachotaka kufanya baadaye ni mojawapo ya haya.

Anaweza kukusomea namba za kubonyeza huku akiziita "namba za uhakiki." Zisikilize vizuri. Zikianza na *150* ujue uko kwenye menyu ya hela, na "namba ya uhakiki" anayokutajia ni namba yake ya simu ikifuatiwa na kiasi. Watu wametuma laki tatu wakidhani wanaingiza namba ya kumbukumbu. Mtego huu unamnasa anayebonyeza kwa kusikia tu, bila kusoma skrini.

Anaweza pia kuanzisha malipo upande wake. Simu yako inaleta dirisha lenyewe, bila wewe kufungua chochote, likikuomba namba ya siri. Dirisha hilo ni halali, ni lile lile la kulipia king'amuzi au tiketi, ila malipo yameanzishwa na yeye. Kwa hiyo usiweke namba ya siri kwenye dirisha ambalo hukulianzisha wewe. Lighairi. Likirudi, lighairi tena.

Au anakuomba upige **21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya #. Hii haiondoi hata shilingi, na ndiyo maana watu hawaiogopi. Inahamisha simu zako zote ziende kwake. Baada ya hapo anafungua WhatsApp kwa namba yako, anachagua kupewa tarakimu kwa njia ya sauti, na simu inaita kwake. Benki ikipiga kuuliza kuhusu muamala usio wa kawaida, anapokea yeye na kusema "ndiyo, ni mimi." Kuangalia kama simu zako zimehamishwa, piga *#21#. Kufuta uhamishaji wote kwa mkupuo, piga ##002#. Ukipiga *#62# unaweza kukuta namba usiyoijua. Usihamaki kabla ya kuuliza, mara nyingi hiyo ni namba ya mtandao ya ujumbe wa sauti kwa wakati simu imezimwa.

Kwa WhatsApp, weka uthibitishaji wa hatua mbili leo. Uko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Unachagua tarakimu sita zako mwenyewe, na mtu hata akipata zile za meseji, bila za kwako haingii. Pitia pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoifahamu, itoe. Akaunti ikishatekwa, ndugu na marafiki ndio wanaoanza kuombwa "niazime laki, nitarudisha kesho," na wanatoa kwa sababu picha ni yako na mazungumzo ya zamani yapo.

Wapo pia wanaojifanya walimu: mwanao ameanguka shuleni, tumemkimbiza hospitali, inahitajika hela ya kipimo sasa hivi. Mzazi hafikiri hapo, na si kosa lake. Kinachosaidia ni maandalizi ya kabla: namba ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule ziwe kwenye simu ya baba na ya mama, na familia iwe na neno moja la siri la kuulizana mambo yanapokuwa mazito.

Laini ikikatika ghafla

Simu imekosa mtandao, jirani yako mwenye mtandao huo huo anaongea vizuri. Ukizima na kuwasha haibadiliki. Huenda ni hitilafu, lakini chukulia kwanza kwamba laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Azima simu, piga 100 ya mtandao wako, waambie wafunge laini na akaunti ya hela, kisha pigia benki wafunge huduma ya simu. Usisubiri kesho. Mtu mwenye laini yako anapokea OTP zako zote, na ndiyo maana matapeli wavumilivu hufanya kazi hii usiku au Jumapili.

Kabla ya kuhamisha laini huwa kuna dalili: mtu amekuuliza namba ya NIDA, salio lako la karibu ni kiasi gani, au namba tatu ulizopiga mwisho. Hayo ndiyo maswali ambayo mhudumu humuuliza anayedai kupoteza laini. Ukiona mtu anakuuliza, jua anajiandaa kujibu kwa niaba yako.

Kwa Safaricom ya Kenya, ukipiga *100*100# unazuia laini yako isibadilishwe kwa wakala yeyote. Ukiihitaji mpya unakwenda mwenyewe dukani kwao. Wakenya wenye akiba kwenye simu wafanye hivyo bila kuchelewa. Namba ambayo Safaricom hutumia kumpigia mteja ni 0722 000 000. Anayepiga kwa namba ya kawaida akidai ni wao, kata. Ujumbe wa kitapeli unapelekwa 333, na uliyetuma hela kwa makosa peleka ule ujumbe wa muamala kwenda 456.

Kinga ambayo karibu hakuna anayeitumia ni kufuli ya laini yenyewe. Simu ikiibiwa, mwizi hahangaiki na nywila ya skrini: anachomoa laini, anaiweka kwenye kitochi, na tayari anapokea meseji zako za benki. Ukiweka PIN ya kadi ya simu, kwenye mipangilio ya usalama, laini haiwaki kwenye simu nyingine bila tarakimu hizo. Ila nenda taratibu. Kadi inakuja na PIN ya kiwandani, kawaida imeandikwa kwenye kile kikadi kikubwa ulichobandulia laini. Jua hiyo kwanza. Ukikosea mara tatu itakuomba PUK, namba ndefu ya kufungulia laini, na ukikosea PUK mara kumi laini inakufa kabisa. Kama kikadi ulishakitupa, waulize 100 kabla ya kubahatisha.

Namba ya siri, wakala na kadi

Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000. Ukichagua mwaka wa kuzaliwa, unaoanza na 19, umebakiza 100, na aliyeona kitambulisho chako amebakiza mmoja. Usitumie namba moja kwa M-Pesa, kadi ya benki na kufungua simu; anayechungulia bega lako kwenye daladala ukifungua simu anakuwa ameona vyote.

Kwa wakala, bonyeza mwenyewe. Usimpe simu "akusaidie," hata kama foleni inanung'unika. Kosa la kawaida ni hili: umetoa hela, ujumbe umechelewa, wakala anasema "mtandao umegoma, rudia." Usirudie kabla ya kuangalia salio, maana muamala wa kwanza unaweza kuwa umepita na ukawa umetoa mara mbili. Wakala mwaminifu atasubiri nawe. Mawakala wenyewe nao hulizwa, hasa na mteja anayejifanya ana haraka na simu ya "bosi" sikioni, akidai salio limeshaingia.

ATM ikimeza kadi, msaada wa mtu aliyesimama nyuma yako usiupokee. Namba ya benki ihifadhi leo, kwa sababu ile iliyo nyuma ya kadi itakuwa imemezwa pamoja na kadi, na kibandiko kilichobandikwa pembeni ya mashine yeyote anaweza kukibandika. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi zinatumika kulipia mtandaoni tu. Hakuna mfanyakazi wa benki anayezihitaji, wala OTP.

Mikopo ya Facebook nayo ina sura moja: mkopo wa milioni mbili bila dhamana, lipia kwanza Sh 15,000 ya bima. Ukilipa kunazuka ada ya fomu, kisha ya kufungua akaunti. Mkopeshaji halali hakuombi utume ada kwenye laini ya mtu binafsi ili akupe mkopo. Programu ya mkopo inayotumwa kama faili WhatsApp usiipakue kabisa, kwa kuwa ikipewa ruhusa ya kusoma meseji inasoma na OTP.

Kama una uwezo, tenga laini ya benki. Namba iliyo kwenye bango la duka lako, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kadi za harusi isiwe ndiyo inayopokea OTP. Na iombe benki ishushe kiwango cha juu cha kuhamisha kwa siku kupitia simu kifike unachokihitaji kweli. Ni fomu moja tu, na siku mbaya ikija inazuia akaunti nzima isikombwe kwa mkupuo.

Umeshapigwa. Sasa?

Hapa dakika zina bei. Hela iliyoibiwa hailali kwenye laini ya mwizi, inatolewa kwa wakala au inarushwa laini nyingine. Mtandao unaweza kuzuia tu kilichobaki humo. Kwa hiyo usianze kwa kumpigia tapeli umtukane, na usianze kwa kuwasimulia ndugu. Piga 100 kwanza, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa na namba iliyopokea. Kama hela imekwenda mtandao mwingine, azima laini ya mtandao huo na upige 100 yake pia, kwa sababu 100 inakupeleka kwenye mtandao wa laini unayopigia. Badilisha namba ya siri papo hapo. Kama uliitaja OTP au taarifa za kadi, benki ifunge kadi.

Usifute ujumbe wowote. Piga picha ya skrini, kisha peleka ujumbe wa tapeli na namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, na uende polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha. Kenya utapewa namba ya OB. Kampuni ya simu haitakupa wewe taarifa za mwenye laini, hata ulie, kwa sababu hairuhusiwi; huwapa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya kesi kama hizi, lakini mpelelezi anahitaji ushahidi ulioutunza, na simulizi peke yake haimfikishi mbali.

Kisha jihadhari na wimbi la pili. Ukilalamika hadharani chini ya ukurasa wa benki au kampuni ya simu, ndani ya muda mfupi utajibiwa na akaunti yenye nembo ile ile na jina lililoongezwa nukta au herufi: "Pole sana mteja, tutumie namba yako tukusaidie." Wengine hukupigia wakijiita wapelelezi wa mtandao wanaoweza kuirudisha hela kwa ada kidogo. Anayetaka ulipe chochote kwanza ili urudishiwe chako, namba yake nayo ipeleke 15040.